Je, Namibia ni nchi tupu? Watu, dini na makabila ya huko anakokwenda binti yako

Swali: "Binti yangu amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili Windhoek, Namibia. Sisi ni Waislamu, tunaishi Tanga. Baba yake hataki hata kusikia. Anasema nchi ile ni jangwa tupu, watu hakuna, hao wachache waliopo wote ni Wakristo, na kila kabila linakaa kivyake kama enzi za makaburu. Nimeingia mtandaoni kutafuta ukweli, nikazidi kuchanganyikiwa. Ukurasa mmoja unasema watu ni milioni mbili, mwingine milioni tatu. Mmoja unasema wazungu ni asilimia 6, mwingine hawafiki 2. Nchi yenye watu wachache hivyo inashindwaje kujihesabu? Na je, mwanangu atakuwa peke yake huko?"

Jibu:

Dada yangu, hofu ya mzee hapo nyumbani ina msingi, ila msingi wenyewe ni namba moja inayopotosha watu wengi, wakiwemo wasomi. Nimefanya kazi ya takwimu za idadi ya watu kwa miaka mingi, na sehemu ya miaka hiyo nimeishi Windhoek. Nitakueleza ninavyoielewa nchi ile, kisha wewe na mwenzio mtaamua.

Kuhusu milioni mbili na milioni tatu, kurasa zote mbili zilisema kweli, kila moja kwa wakati wake. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 2,113,077. Sensa iliyofuata ilicheleweshwa hadi 2023, ikahesabu 3,022,401. Kati ya sensa hizo ilipita miaka 12, na kurasa nyingi za mtandaoni ziliendelea kunakili namba ya zamani.

Sasa mzani. Namibia ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 825,000, na Tanzania ni takriban 945,000. Yaani ardhi haziachani sana. Lakini watu wote wa Namibia, ukiwaweka pamoja, hawafikii watu wa mkoa wetu wa Dodoma, ambao sensa ya 2022 iliwakuta 3,085,625. Ukigawa watu wa Namibia kwa ardhi yao unapata pungufu ya watu 4 kwa kila kilomita ya mraba. Iko kundi moja na Mongolia na Australia, nchi ambazo mtu anaweza kuendesha gari saa nzima asipishane na mwenziwe.

Hiyo ndiyo namba iliyomtisha mzee. Lakini wastani ni kama kusema nyumba mbili jirani zina wageni kumi kumi, kumbe moja ina arusi ya watu ishirini na ya pili imefungwa kufuli. Ukifika mkoa wa Kharas, kusini kabisa, unakuta ardhi ya kilomita za mraba zaidi ya 160,000 ikiwa na watu kama 110,000. Hapo mtu mmoja mzima hapatikani kwa kila kilomita ya mraba. Panda sasa hadi Ohangwena, kwenye mpaka na Angola. Ni mkoa mdogo usiozidi sana kilomita za mraba 10,000, lakini una watu zaidi ya 330,000. Ohangwena imebanana kuliko mkoa wetu wa Lindi, na Lindi hakuna anayeiita nchi tupu. Huko kaskazini maboma yanafuatana, kila moja na shamba lake la uwele, watoto wanapita kwenda shule, mbuzi wanakatiza barabara. Nako Windhoek, mji anakokwenda binti yako, kuna watu karibu nusu milioni. Karibu nusu ya Wanamibia wote leo wanaishi mijini. Mwanao hatakaa jangwani.

Kwa nini watu wamelalia upande mmoja? Sababu ya kwanza ni mvua. Pwani ya Namibia inapitiwa na mkondo wa maji baridi wa Benguela. Maji baridi hayatoi mvuke wa kutosha kujenga mawingu ya mvua, kwa hiyo pwani kuna ukungu mzito asubuhi na mchanga mkavu mchana. Kadiri unavyokwenda kaskazini mashariki mvua inaongezeka, kutoka karibu sifuri pale pwani hadi zaidi ya milimita 600 kwa mwaka kule Zambezi. Na mito isiyokauka mwaka mzima yote iko mipakani: Kunene, Okavango, Kwando na Zambezi kaskazini, Orange kusini. Ndani ya nchi, mto ni mchanga unaosubiri mvua. Anayelima kwa kutegemea mvua hana pa kwenda ila kaskazini, na anayeishi kwa mifugo kule kusini lazima atawanyike, maana ng'ombe mmoja anahitaji malisho mapana.

Lakini wanaoishia kwenye mvua wanaacha nusu ya habari. Katikati ya Namibia hapakuwa patupu. Palikuwa na Waherero na mifugo yao mingi, na kusini kwao Wanama. Mwaka 1904 Waherero waliinuka dhidi ya Wajerumani waliokuwa wakiwapora ardhi na ng'ombe, na Wanama wakafuata. Jenerali aliyeletwa kuwakabili, Lothar von Trotha, aliwahi kuongoza jeshi la Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Baada ya mapigano ya Waterberg, Agosti 1904, aliwasukuma watu na watoto wao kwenye nyika kavu ya Omaheke, na tarehe 2 Oktoba akatoa amri ya kuwaangamiza. Waliosalia walifungwa kwenye kambi, na ile ya Kisiwa cha Papa, Shark Island, pale Lüderitz, ndiyo inayokumbukwa kwa uchungu zaidi. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa kati ya Waherero 80,000 walikufa kama 65,000, na kati ya Wanama 20,000 ikafa nusu. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya kimbari. Wakati watu wanakufa katika kambi hizo, huku kwetu Kusini Vita vya Maji Maji vilikuwa vinawaka. Dola ni ileile, na miaka ni ileile.

Ninayaeleza haya kwa sababu ndiyo ufunguo wa swali lako la makabila. Unapoona leo kwamba Waovambo peke yao ni karibu nusu ya Wanamibia wote, na Waherero hawafiki hata moja ya kumi, usidhani ni maumbile tu. Kaskazini, kwa Waovambo, utawala wa Wajerumani haukuwahi kukaa sawasawa. Tangu ugonjwa wa sotoka ulipofyeka ng'ombe mwaka 1897, Wajerumani walikuwa wamechora mstari wa kuzuia mifugo ya kaskazini isishuke. Baadaye mstari huo ukawa mpaka wa eneo la walowezi, na hadi leo uzio wake upo kwa ajili ya magonjwa ya mifugo. Wenyewe huuita Mstari Mwekundu. Kusini mwake waliuawa watu na ardhi ikagawiwa kuwa mashamba makubwa ya wazungu, shamba moja maelfu ya ekari, familia moja ndani. Kaskazini mwake watu waliendelea kuzaana na kulima. Kwa hiyo sehemu ya utupu huo ni kazi ya jangwa, na sehemu ni kazi ya mikono ya watu.

Kuna kipande kimoja zaidi cha ramani ambacho mtu wa pwani anastahili kukijua. Ukiitazama Namibia utaona kama kidole kirefu kimechomoza kaskazini mashariki kuelekea Mto Zambezi. Kidole hicho kilipatikana kwa mkataba wa Julai 1890, ambao Wajerumani waliacha madai yao juu ya Zanzibar na Waingereza wakawapa kisiwa cha Heligoland pamoja na njia hiyo ya kufikia Zambezi. Kikaitwa Caprivi kwa jina la Chansela wa Ujerumani wa wakati huo, na mkoa wake ukabadilishwa jina kuwa Zambezi mwaka 2013. Wanaoishi huko wana undugu na watu wa Zambia na Botswana kuliko wa Windhoek. Kwa hiyo kuna Wanamibia ambao ni Wanamibia kwa sababu ya mapatano yaliyoihusu Zanzibar.

Sasa asilimia 6 na asilimia 2. Hapa hakuna aliyekuhadaa. Chini ya utawala wa Afrika Kusini, uliofuata ule wa Wajerumani, kila mtu aliandikwa kabila lake kwa lazima, kwa sababu kabila ndilo lililoamua utaishi wapi, utasoma nini na utalipwa kiasi gani. Tume ya Odendaal ya 1964 ilipendekeza hata nchi igawanywe maeneo ya kikabila. Baada ya uhuru, tarehe 21 Machi 1990, Wanamibia hawakutaka kuendelea na daftari lile. Sensa zikawa zinauliza lugha inayozungumzwa nyumbani. Sisi Watanzania tunapaswa kuelewa hilo upesi, maana na sisi mara ya mwisho kuulizwa kabila na dini kwenye sensa ilikuwa 1967.

Matokeo yake ni kwamba kurasa nyingi za mtandaoni ziliendelea kutumia makadirio ya zamani: Waovambo nusu, Wakavango 9, Waherero 7, Wadamara 7, wazungu 6, Wanama 5, na kadhalika. Lakini watu wa Namibia wamekaribia kuongezeka mara tatu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wazungu hawakuongezeka, bali wamepungua. Idadi ya kundi isipoongezeka na ya watu wote ikikua, asilimia hushuka yenyewe bila mtu kufukuzwa. Sensa ya 2023 ilipowapa watu nafasi ya kujitaja, waliojitaja wazungu hawakufika asilimia 2. Hiyo ndiyo ya kushika.

Hata lugha nayo usiichukue kama kabila. Wadamara na Wanama wanazungumza lugha moja, Khoekhoegowab, ile yenye sauti za kubofya ulimi, lakini ni watu wawili wenye historia mbili. Kiafrikaans ni lugha ya nyumbani ya wazungu wengi, na pia ya machotara, na ya Wabaster wa Rehoboth waliotoka Rasi, huko Afrika Kusini, kuja kufanya makazi hapo mwaka 1870. Wahimba wa kaskazini magharibi na Waherero wa Okahandja wanaelewana kwa Otjiherero, japo mmoja amejipaka udongo mwekundu na mwenziwe amevaa gauni refu la pindo pana na kilemba kilichotandazwa pembe mbili kama za ng'ombe. Na Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi pekee, katika sensa ya 2011 kilikuwa lugha ya nyumbani ya kaya kama 3 tu katika kila 100. Kwa hiyo binti yako darasani atasikia Kiingereza, dukani mara nyingi Kiafrikaans, na kwenye teksi Oshiwambo.

Mzee anasema kila kabila linakaa kivyake. Kuna wakati ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli kwa nguvu ya bunduki. Tarehe 10 Desemba 1959 polisi waliwapiga risasi watu wa Windhoek waliokataa kuhamishwa kutoka mtaa wao wa zamani, na 11 wakafa. Walipohamishiwa kwenye mtaa mpya, waliupa jina Katutura, ambalo kwa Otjiherero linabeba maana ya mahali tusipotaka kukaa. Ndani ya Katutura kila kabila lilipangiwa upande wake. Na wanaume wa kaskazini walioshuka kwa mkataba kufanya kazi migodini na mashambani waliwekwa mabwenini bila wake zao. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua manamba wa mkonge walivyoletwa kutoka mbali wakapangwa makambini. Kule ilikuwa hivyohivyo, ila mlango ulikuwa umefungwa zaidi. Mwishoni mwa 1971 wafanyakazi hao waligoma kwa maelfu, na ule mgomo ukaitikisa nchi.

Leo nenda Katutura Jumamosi, kwenye soko la nyama ambako wanachoma kapana. Mchomaji anakata nyama vipande vyembamba juu ya moto wa kuni, wewe unachovya kwenye chumvi na pilipili, unakula umesimama. Nilisimama pale mara nyingi. Mchomaji Movambo anamjibu mteja Mdamara kwa Kiafrikaans, pembeni mama wa Kiherero na kilemba chake anataka kipande chenye mafuta. Mitaa bado ina harufu ya mipaka ile, sitakuficha: mitaa yenye fedha bado ina wazungu wengi zaidi, na kijijini watu bado wanaulizana ukoo. Namibia pia ni moja ya nchi zenye pengo kubwa kabisa kati ya tajiri na maskini. Mwanao ataliona hilo mapema kuliko jambo lolote la kikabila.

Nije kwenye dini, maana najua hapo ndipo penye moyo wa baba yake. Ni kweli, Wanamibia zaidi ya wanane katika kila kumi ni Wakristo, na Walutheri peke yao hukadiriwa kuwa kama nusu ya nchi. Wamisionari wa Kijerumani walifanya kazi kusini na katikati tangu miaka ya 1840, na Wafini wakafika kwa Waovambo mwaka 1870. Wafini hawakuja na jeshi nyuma yao, na walijenga shule na hospitali, kama ile ya Onandjokwe iliyoanza 1911. Kanisa likawa la wenyewe, na Juni 1971 viongozi wawili wa Kilutheri, Leonard Auala na Paulus Gowaseb, walimwandikia waziri mkuu wa Afrika Kusini barua ya wazi wakimwambia watu wao wananyimwa haki. Ndiyo maana kwa Mnamibia wa kawaida kanisa si jambo la Jumapili tu.

Lakini hata takwimu ya dini ina mipaka yake. Mzee wa Kiherero anaweza kuwa amebatizwa, na bado nyumbani kwao moto wa wahenga, okuruuo, unatunzwa kati ya nyumba kubwa na zizi la ng'ombe. Ukimwuliza dini yako ipi, atataja moja, kwa sababu umempa nafasi ya moja. Huku kwetu nako wapo wanaoswali au kusali na bado wanashiriki matambiko ya ukoo, na karatasi haiwezi kuyasema yote mawili.

Waislamu ni wachache sana, sehemu ndogo kabisa ya watu wote, na sitakutia matumaini ya uongo: binti yako hataamka kwa adhana ya jirani kama alivyozoea Tanga. Idi hapo si sikukuu ya taifa. Nyama nyingi inayouzwa barabarani, pamoja na hiyo kapana niliyoisifia, hataweza kuila kabla ya kuuliza imechinjwa na nani. Lakini misikiti ipo Windhoek, ikiwemo Katutura kwenyewe, na Waislamu wake ni mchanganyiko wa wageni na wenyeji, wakiwemo Wanama waliosilimu. Katiba ya nchi haina dini rasmi na inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Sikuwahi kuona mtu akisumbuliwa kwa kuvaa hijabu. Ugumu atakaoupata ni wa upweke wa Ramadhani ya kwanza, kufuturu mbali na nyumbani, na huo ni ugumu wa kweli usioondolewa na takwimu yoyote.

Mwambie mzee na hili pia. Chama cha SWAPO kilichoipigania Namibia kilikuwa na makao Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na wapiganaji wake wa kwanza walikuwa na kambi Kongwa, mkoa uleule wa Dodoma niliokulinganishia. Rais wa sasa, Netumbo Nandi-Ndaitwah, aliyeapishwa tarehe 21 Machi 2025, alikaa Dar es Salaam katika miaka ya 1980 akikiwakilisha chama chake Afrika Mashariki. Kuna wazee Windhoek ambao ukisema umetoka Tanzania wanasimama kukupa mkono.

Sasa, yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Kibali cha mwanafunzi na masharti yake hubadilika, kwa hiyo nendeni wenyewe Ubalozi wa Namibia, Dar es Salaam, na barua ya chuo mkononi, kabla ya kulipa ada au kodi ya chumba. Chuo mkiulize kwa maandishi kama kina bweni la wasichana na liko umbali gani na msikiti, maana usafiri wa usiku Windhoek si wa kuchezea, wizi upo. Imamu wenu hapo Tanga anaweza kuwasaidia kupata mtu wa jumuiya ya Waislamu wa Windhoek wa kuzungumza naye kwa simu. Baba azungumze naye mwenyewe, asisimuliwe. Na kama mtasikia Mtanzania yeyote anayesoma huko, mtafuteni mkae naye akija likizo. Nusu saa ya kuongea na mtu aliyefunga Ramadhani pale itamsaidia mzee kuliko kurasa zangu zote.

Binti naye mwambie ajifunze salamu moja kabla ya kupanda ndege. Asubuhi, akikutana na mama wa Kiovambo, aseme: "Wa lalapo nawa?" Asikilize hilo neno lala ndani yake. Maana yake ni umelala vizuri. Ng'ombe nako huitwa ongombe. Hatachukua muda kuyazoea.